Salamu Nilizoziruka

Somo nililojivunia kuliko yote katika ualimu wangu lilikuwa la kuchambua dondoo. Nipe maneno ya mtu, hata mstari mmoja, nikuambie nani kayasema, kamwambia nani, wakati gani, na kwa nini kayasema hivyo na si vinginevyo. Wanafunzi wangu wa Ujiji waliniogopa kwa hilo. Mtu akija na udhuru wake, "Mwalimu, jana nilikuwa naumwa," mimi papo hapo namgeuzia ubao: haya, tuchambue. Nani anasema? Mtu aliyeonekana jana Katonga anaogelea. Anamwambia nani? Mwalimu mwenye fimbo. Darasa linaangua kicheko, yeye anakaa chini. Nilikuwa na ulimi, sikatai.

Mfano wangu wa kuanzia ulikuwa wa mpishi wa shule. Asubuhi moja alipita mlangoni kwetu akasema kwa sauti, "Leo maharage yameiva." Nikayaandika ubaoni vilevile. Nikawaambia, mtu mvivu ataona habari ya maharage, basi. Lakini tazameni hilo neno "leo." Kwa nini aseme leo? Kwa sababu jana hayakuiva, na mkuu wa shule alimfokea mbele ya watu. Na kwa nini alisemee mlangoni kwetu, si jikoni kwake? Kwa sababu ofisi ya mkuu iko pembeni, dirisha liko wazi. Kwa hiyo yale maneno hayakuwa yetu hata kidogo, sisi tulikuwa njia tu. Watoto walishangaa, nami nikashangaa pamoja nao jinsi nilivyo hodari.

Kisha nikawapa kanuni yangu. Mtu akisema mengi, pepeta. Maganda yaende na upepo, kiini kibaki. Na ganda la kwanza kabisa la kupeperusha, nikasema, ni salamu, maana salamu haina habari. Waliandika kwenye madaftari yao, na wengine nadhani bado wanayo.

Kufundisha nilifundisha Ujiji, kulala nililala Bangwe, kwa hiyo kila siku nilikuwa mtu wa baiskeli. Nilipanga chumba kwa Bibi mmoja Mmanyema, mjane, ambaye wazee wake walitoka Kongo zamani sana. Kwetu ni mbali, siku mbili kwa treni ikiwa treni imeamka vizuri. Baba na mama walishatangulia, na mwanaume tuliyekubaliana naye alioa mwingine mwaka ule ule niliopata uhamisho. Waraka ni nusu ya kuonana, wanasema, lakini mimi hata hiyo nusu sikuipata. Nikirudi shuleni nilikuwa nawasha redio hata kama wanasoma bei za mazao, ili mle chumbani iwepo sauti ya mtu. Na nilikuwa nakula nimesimama. Sijui kama umewahi kuishi hivyo, kula umesimama dirishani kwa sababu ukikaa utaona kwamba mbele yako hakuna mtu. Ni upweke mbaya, na nilikuwa namwambia kila mtu kwamba napenda utulivu.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Boti zilifika Kibirizi kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, zimejaa watu mpaka mdomoni, wakashuka na magodoro, mabata, masufuria, na wengine mikono mitupu, kisha malori yakawachukua kwenda kambini. Bibi wangu alikuwa na tabia ya kwenda ufukweni kutazama nyuso. Siku moja akarudi na mwanamke wa miaka thelathini hivi, kashika kikapu cha mihogo. Akasema huyu ni mjukuu wa dada wa mama yake, damu yake kabisa, kambini hatakwenda. Kama kweli alikuwa damu yake sijui. Bibi hakuwa mtu wa kuulizwa vyeti.

Akapewa chumba cha pili, ukuta mmoja na mimi. Aliniita Mwalimu, nami nikamwita dada. Habari yake nilimsikia akiisimulia mara moja tu. Alikuwa ameshuka sokoni, ufukweni kwao ng'ambo, kuuza ile mihogo, risasi zikaanza. Watu wakakimbilia kwenye boti, naye akasukumwa na wimbi la watu mpaka akajikuta ndani ya boti, nayo imeshaondoka. Nyumbani, juu mlimani, aliacha mume, mama mkwe, shemeji, na watoto wawili, wa kiume na wa kike. Yule wa kike alikuwa na miaka sita, mdhaifu wa kifua, kila masika anakohoa. Akimtaja huyo alikuwa anashika kifua chake mwenyewe.

Alipata kazi Katonga, kuanika dagaa mchangani. Jioni alirudi ananuka samaki na jua. Siku ya tatu akagonga mlango wangu, akatazama sufuria yangu, akasema, "Mwalimu, hii ni ugali ao ni uji wa mzazi?" Lo! Mtu hata hujamzoea. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Tangu siku hiyo tukawa tunapika pamoja uani. Yeye analeta migebuka, wale samaki wa ziwani, mimi natoa unga, anamwaga mawese mekundu mpaka napiga kelele inatosha. Jumapili alinisuka nywele, kichwa changu magotini kwake, anavuta bila huruma. Nikaanza kula nimekaa. Redio ilinyamaza miezi mitano, na sikuikumbuka.

Halafu habari zikaja kwamba ng'ambo kumepoa kidogo. Wafanyabiashara wakaanza kuvuka tena. Dada akapata nafasi kwenye boti ya Jumamosi: anakwenda kuwatazama watoto wake, ikibidi awalete. Jumatano nilimsaidia kufunga mzigo wake. Nilikuwa nafunga fundo huku roho inaniuma, na mdomoni nasema, "Mungu mkubwa, dada, utawakuta wazima." Nilitaka awakute wazima. Nilitaka pia asiende. Yote mawili ni kweli, na la pili lilikuwa na nguvu.

Alhamisi mchana nilikuwa peke yangu nyumbani, nasahihisha. Bibi alikuwa msibani, dada yuko Katonga. Akaingia mwanaume mfupi, mtu wa boti, akauliza kama hapa ndipo anapokaa mama wa watoto fulani. Nikasema ndipo, ametoka. Akasema hawezi kungoja, chombo chao kinageuza siku hiyo hiyo, kama mimi ni mtu wa nyumba hii nipokee ujumbe wake. Nikampa maji, akanywa amesimama, akaanza.

"Baba ya batoto anamusalimia," akakunja kidole. "Mama mukwe anamusalimia, anasema miguu imepungua maumivu." Kidole cha pili. "Shemeji anamusalimia, mbuzi amezaa." Cha tatu. "Mutoto mwanaume anamusalimia, ameng'oka jino ya mbele." Cha nne. Mimi nina kalamu nyekundu mkononi na madaftari arobaini magotini. Nasema moyoni, jamani, si ufike! Akashusha mkono, akavuta pumzi, akasema, "Sasa, maneno ya baba ya batoto ni haya: Huku tuko bote bazima. Usivuke. Ngoja."

Hapo ndipo nilipoandika. Nilichana karatasi nyuma ya daftari nikaandika maneno hayo, na alama za kunukuu nikaweka. Akaniuliza, "Umeshika yote?" Nikamwambia nimeshika. Akaenda zake.

Dada aliporudi nikamsomea. Akasimama uani na kanga yake imelowa, akanisikiliza mpaka mwisho, na jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa, "Salamu je?"

"Wanakusalimu wote," nikasema.

"Bote nani?"

"Mumeo, mama mkwe, shemeji, watoto."

Nilisema watoto. Wallahi sikukusudia kudanganya. Nilikumbuka jino la mvulana, nikaona panapo wa kiume wa kike yupo, nani anahesabu? Ni kama unapojumlisha alama za mwanafunzi unayemjua, unaandika jibu kabla ya kumaliza.

Akakaa kwenye kigoda. "Mwalimu," akasema, "wewe unafungulia batoto maneno ya bantu. Nifungulie na haya. Niende ao nisiende?"

Ebo, nilivyofurahi! Nikamfanyia uchambuzi ambao mkaguzi wa shule angenipa cheti. Nani kasema? Mumeo, mtu aliyeko kule, anaona kwa macho yake, wewe huku unaona kwa uvumi. Kamwambia nani? Mkewe, si mtu wa kupita, kwa hiyo hana sababu ya kujitutumua. Kwa nini aseme "usivuke" kabla ya "ngoja"? Kwa sababu njia bado mbaya, anaanza na hatari ndipo aje kwenye tumaini. Na "ngoja," dada, mtu haambiwi angoje kama hakuna kitu kinachokuja. Anakuja yeye! Anawaleta wote. Lile neno moja nililipakia boti nzima ya watu na mizigo yao, na yule mtu wa ng'ambo hakuwa ameniambia hata robo yake.

Kisha akaingia ndani, nikamsikia anafungua fundo nililofunga mimi. Nikapanda baiskeli nikaenda kutafuta migebuka mikubwa.

Ijumaa asubuhi shule haikuwa na vipindi, na nilimkuta Bibi uani anachagua mchele. Alikuwa anajiandaa kwenda Kasulu, binti yake kajifungua, akae naye mpaka arobaini iishe. Nikamhadithia ule ujumbe, kwa kujisifu nadhani, jinsi nilivyomtuliza dada. Akasikiliza vizuri tu. Kisha akauliza, "Salamu alileta za nani na nani?"

Nikamtajia kama nilivyosikia, kwa vidole. Bibi akaacha mchele. "Na yule wa kike?"

"Hakumtaja, Bibi."

"Hakumtaja au wewe hukusikia?"

"Hakumtaja."

Akasukuma ungo pembeni. Akaniambia jambo ambalo katika vitabu vyangu vyote sikuwahi kulikuta. Watu wa ukoo wao, salamu inayovuka maji anaitoa mwenyewe kwa mdomo wake. Mtu wa boti hufika nyumbani, kila mmoja huja mbele yake, mkubwa kwa mdogo, humpa ya kwake. Hakuna anayemtolea mwenziwe, hata mama hamtolei mtoto mchanga, humnyanyua aonekane. Na mgonjwa hatoi. Salamu ya mgonjwa haivushwi maji. "Mume anaogopa mkewe asije kufia njiani," Bibi akasema, "kwa hiyo amesema uongo kwenye maneno. Maneno ni ya kwake, ayafanye atakavyo. Salamu si yake. Yule mtoto hawezi kusimama, mwanangu. Kama bado yupo."

Nikamwomba Bibi amwambie yeye. Akakataa katakata. "Uliyepewa ni wewe. Ujumbe haupokwi mkononi mwa mtu. Akirudi leo mwambie, boti ni kesho, atawahi." Nikasema nitamwambia. Adhuhuri lori likamchukua Bibi kwenda Kasulu, akijua nitamwambia.

Dada alirudi mapema siku hiyo, anaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba. Alikuwa ameleta dagaa wabichi waliofungwa kwenye jani, akasema kaa hapa nikufumue hizo nywele, umekuwa kama mwizi. Nikakaa, kichwa magotini kwake. Akaniambia wakija wote Bibi atatafuta chumba kikubwa, na binti yake nitamfundisha kusoma mimi mwenyewe, si mwalimu mwingine. Mdomo wangu ulikuwa pale pale, unafanya kazi. Nilisema, "Usivute sana." Hayo ndiyo niliyosema.

Nilianza kuchambua upya, kimyakimya. Labda mtoto alikuwa anacheza mbali. Labda alilala. Labda yule mtu wa boti alimsahau, ana nyumba ngapi za kubeba? Labda Bibi ni mzee na desturi zimebadilika, vita vimevuruga kila kitu. Kila swali nililowafundisha watoto nilijiuliza, na kila mara jibu lilitoka lile nililolitaka. Mtu akitaka, maneno ya wenzake yatamwambia chochote. Kuna swali moja sikulifundisha kamwe darasani, kwa sababu sikulijua, na sasa ndilo ninaloanza nalo: wewe unayefafanua, wewe mwenyewe unataka nini? Mimi nilitaka mtu wa kula naye. Nasema waziwazi. Niliogopa ile sahani ya dirishani kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Jumamosi boti ikaondoka bila yeye. Tulikuwa uani tunaosha vyombo.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Yangu ilikuwa mwezi na siku kadhaa. Kila siku niliona ndiyo ya kusema na kila siku nikaona sasa nimechelewa, nikisema nitaulizwa kwa nini sikusema jana. Tulikula, tulicheka, lakini chakula hakikuwa na ladha. Wakati mwingine yeye akiwa ameketi pale mbele yangu, mkono wake kwenye ugali, nilijisikia mpweke kuliko zamani, na hilo sikuwa nimelitegemea.

Yule mtu wa boti alirudi siku ya Jumatatu, saa kumi hivi. Safari hii tulikuwapo wote wawili. Akapewa maji, akanywa, kisha akakaa. Dada alipomwona anakaa akaweka chini kisu alichokuwa akimenyea mihogo.

"Baba ya batoto anasema," yule mtu akasema, na hakukunja kidole hata kimoja, "mutoto wetu mwanamuke tumemuzika."

Hakulia pale pale. Aliuliza lini. Akaambiwa wiki mbili baada ya ile safari iliyopita, kifua, alikaa sana amelala, alikuwa akimwita mama yake. Dada akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayesahihisha hesabu. "Hapana," akasema. "Safari ile alinisalimia."

Yule mtu akanitazama mimi. "Salamu ya ule sikupewa," akasema. "Alikuwa ndani. Nilitaja ba nne."

"Mwalimu?"

"Nilisema watoto," nikajibu. "Nilidhani... nilisema tu watoto."

Ndipo akalia. Mtume, kilio kile! Majirani waliruka ukuta. Wakaja wanawake wa Bangwe na wa Katonga, wakatandika mikeka uani, wakakaa naye siku tatu. Wale wa asili ya ng'ambo walipopata kisa kizima wakaanza kunitazama, na mmoja akasema kwa sauti kwamba msomi gani huyu hajui kupokea salamu. Dada, macho yamevimba, sauti hana, akanyanyua mkono. "Mumuache," akasema. "Kwao hawana desturi hii. Angejuaje?"

Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nikaenda nalo jikoni nikasimama humo nyuma ya mlango.

Siku ya tatu Bibi alirudi kutoka Kasulu. Akaketi kwenye mkeka, akasimuliwa yote, akasikia na lile la kwamba Mwalimu hakujua. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, akanitazama kidogo tu, akageukia wenzake. Tangu nihamie pale alikuwa ananiita mwanangu. Jioni ile alinipa kikombe akasema, "Pokea, Mwalimu," na hakuniita vingine mpaka nahama.

Dada akaamua kuvuka. Mtoto wa kiume bado yupo, akasema, na kaburi, nani atalipalilia kama si yeye. Siku ya safari nilimbebea mzigo mpaka Kibirizi, kwa miguu, baiskeli niliiacha. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi. Nimeshaandika sentensi nyingi maishani, ile ilikuwa na maneno machache tu: Bibi aliniambia siku moja kabla ya boti. Basi. Nikaipanga, nikaipangua, nikaona tuko mchangani tayari, wapagazi wanasukumana, injini inanguruma, mtu anaita majina.

Nikamshika mkono. "Dada," nikasema, "ile salamu..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja. Kilikuwa kigumu na kilinuka dagaa. "Usijitese," akasema. "Ungejua, ungeniambia."

Akatoa kiganja, akaningoja, maana lilikuwa kama swali na halikuwa swali. Nilikuwa na nafasi yote. Hakuna aliyenisukuma.

"Ningekuambia," nikasema.

Akanikumbatia kwa nguvu. Akanishukuru kwa kukaa naye, akasema bila mimi angekufa kwa upweke huku ugenini. Kisha akaniambia sikioni kwamba nikijaliwa mtoto wa kike nimpe jina la binti yake, ili jina lile liitwe tena upande huu wa ziwa. Nikamwahidi. Akaingia majini na viatu mkononi, wakamvuta juu.

Nilijaliwa, miaka minne baadaye. Muuguzi alisimama kando ya kitanda na kadi, akauliza mtoto anaitwa nani. Jina lile lilikuwa tayari mdomoni. Nilimtaka asubiri kidogo, nikamtazama mtoto, kisha nikataja jina jingine, la kwanza lililonijia.